Mashujaa wa Msituni na Aliyeibiwa Njiani

Katika darasa la Kipaimara hapa Gongoni, kijana mmoja alituuliza swali ambalo hatukuwa tumejiandaa nalo. Alikuwa ameazima kitabu cha Robin Hood kwenye kabati letu dogo la vitabu, akakimaliza kwa siku mbili, akakirudisha na kusema: "Mwalimu, huyu ni mwizi, na kitabu kizima kinamsifu. Mbona yule aliyeiba baiskeli juzi alipigwa nusura afe, wala hakuna aliyemwita shujaa?" Wenzake wakacheka. Sisi tukamjibu kwa amri ya saba ya Mungu. Aliitikia kwa adabu, akakaa. Lakini tulimwona hakuridhika, na kusema kweli hata sisi hatukuridhika.

Tangu siku ile tumevisoma upya vitabu vya namna hiyo, vile vinavyosimulia watu wa kale waliokimbia sheria wakaishi msituni kwa upinde na mshale. Wapo walezi wanaotaka viondolewe kabatini kwa sababu vinawafundisha watoto wizi. Wapo wanaosema ni burudani tu, mtoto aachwe ajisomee. Hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Vitabu hivi vinagusa jambo la imani, na kipo kipimo cha kutenga kilicho chema na kilicho hafifu. Hatuulizi kama shujaa ameiba. Tunauliza kama kitabu kinamkumbuka aliyeibiwa.

Tuanze na Robin Hood mwenyewe. Nyimbo zake zilikuwa zikijulikana Uingereza tangu karne ya 15, na katika nyimbo hizo za kale yeye ni mtu wa Misa, mwenye kumheshimu mno Bikira Maria. Anamkopesha mwungwana aliyefilisika pauni 400, na mdhamini wa deni hilo ni Mama wa Mungu peke yake. Mwaka 1883 Howard Pyle, Mmarekani aliyekuwa mwandishi na mchoraji, alizikusanya hadithi hizo katika kitabu cha vijana, na wengi waliokuja baadaye wamefuata nyayo zake. Ni kitabu cha furaha, chenye vicheko, karamu na mashindano ya shabaha. Mwanzoni kuna jambo zito: Robin, akiwa na miaka 18, anamwua mlinzi wa msitu wa mfalme, na moyo wake unajaa majonzi kwa sababu ametoa uhai wa mtu.

Bahati mbaya majonzi hayo hayakai. Kurasa chache mbele tumekwisha kuyasahau, kwa kuwa wanaoporwa katika kitabu hiki ni askofu tajiri na liwali mlafi, watu ambao kesho watakula vilevile. Mwandishi amewachagua hivyo ili msomaji asihesabu hasara ya mtu yeyote. Hatumnyimi mtoto furaha ya kitabu hiki. Lakini kasoro yake ni hiyo, na ndiyo iliyomchanganya kijana wetu, kwa sababu mtaani kwake anayeibiwa hana sura ya askofu mnene.

Sisi wa Tabora hatuna haja ya kwenda msitu wa Sherwood kuliona jambo hili likiwa halisi. Mji wetu ulikuzwa na njia ya misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo kuelekea Ujiji. Karibu mwaka 1860 Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, aliwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamekaa hapa. Wao wakamwondoa kitini, wakamweka Mkasiwa badala yake. Mnywa Sele akaingia porini na wafuasi wake, akawa anavamia misafara. Msafiri Mwingereza Speke alikutana naye mwaka 1861, akasikia kisa chake kutoka kinywani mwake na kutamani kuwapatanisha. Mapatano hayakusimama. Mwaka 1865 Mnywa Sele alikamatwa akauawa.

Tukitaka, hapo tunayo hadithi kamili ya shujaa wa msituni: mtawala halali aliyenyang'anywa haki yake na watu wenye mali. Na ni kweli alidhulumiwa. Lakini nani aliyekuwa amebeba mali ile aliyoivamia njiani? Walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wenzake, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani, akitembea miezi kwa malipo ya vitambaa. Mshale uliolengwa kwa tajiri ulipita kwanza kwa mchukuzi. Katika vita vile vijiji viliachwa vitupu na njaa ikaingia. Mwandishi atakayewaandikia vijana wetu habari za Mnywa Sele, nasi tunamwombea atokee upesi, asimfiche mpagazi yule nyuma ya sifa za mtemi.

Kitabu kinachothubutu kutomficha kipo. Ni Mshale Mweusi, kwa Kiingereza The Black Arrow, cha Robert Louis Stevenson, yule yule aliyeandika Kisiwa chenye Hazina. Kilitoka kama kitabu mwaka 1888. Mwandishi mwenyewe hakukithamini sana, na wahakiki wengi wamemwitikia. Lugha yake ni ya kale ya kujitungia, na watu hukutana kwa bahati kuliko inavyoaminika. Kasoro hizo tunazikubali. Hata hivyo kwa kipimo chetu kinampita Pyle mbali.

Ni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Uingereza, karne ya 15. Dick Shelton, kijana yatima, analelewa na Sir Daniel Brackley, mtu anayegeuka upande kila upepo unapogeuka. Msituni kuna kundi la watu waliodhulumiwa, wakiongozwa na Ellis Duckworth. Wameapa kuwaua wanne kwa mishale minne myeusi, na mmoja wa hao wanne ni padre. Dick anagundua kwamba mlezi wake ndiye aliyehusika na kifo cha baba yake, naye anajiunga na watu wa msituni. Mpaka hapo ni hadithi tuliyoizoea.

Kisha inatokea habari ya merikebu. Dick anataka kumwokoa msichana ampendaye, na anahitaji chombo cha baharini. Wenzake wanamlewesha nahodha mmoja, mzee Arblaster, wanachukua merikebu yake, na merikebu inaangamia. Katika vitabu vingi nahodha huyo asingeonekana tena. Stevenson anamrudisha. Baadaye, baada ya mapigano, mzee yule anataka kunyongwa, na Dick, ambaye kwa ushujaa wake angeweza kuomba cheo, anaomba uhai wa Arblaster. Anaupata, lakini anapoteza upendeleo wa mkubwa wake. Je, mzee anamshukuru? Hapana. Anamlilia mtu wake aliyekufa na merikebu yake iliyopotea, na Dick anasimama pale akiona kwa mara ya kwanza kwamba alilolifanya kwa nia njema limemharibia mtu maisha, wala hana namna ya kulirudisha.

Kwa ukurasa huo kitabu hiki kinastahili kukaa katika kabati la kanisa. Mwishoni Dick anakutana na Sir Daniel akiwa peke yake, anakataa kumwua, anamwacha aende zake. Mshale wa Ellis ndio unaomwangusha. Na mshale wa nne, uliowekwa kwa ajili ya padre, haurushwi kamwe; kundi linavunjika na kisasi kinakoma kabla hesabu haijatimia.

Biblia nayo inaye mtu wake wa msituni. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Daudi anamkimbia Sauli, na pangoni Adulamu wanamkusanyikia watu kama 400, wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Tunawafundisha watoto kwamba Daudi alimwacha Sauli hai, na tunafanya vema. Mara nyingi tunaruka habari ya Nobu. Daudi alimdanganya kuhani Ahimeleki ili apate mkate na upanga, na kwa sababu hiyo Sauli aliwaua makuhani 85. Mwana mmoja, Abiathari, alipoponyoka na kumfikia, Daudi hakumlaumu Sauli peke yake. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyeleta kifo katika nyumba ile, akamwambia Abiathari akae naye. Maandiko hayamfichi Daudi, wala hayawafichi watu wa Nobu. Mtu aweza kuwa amedhulumiwa kweli, na bado akawa na deni kwa mtu wa tatu aliyesimama njiani.

Kanisa linaliita deni hilo malipizi. Kutubu wizi ni pamoja na kurudisha, kama Zakayo alivyoahidi kurudisha mara nne. Robin wa Pyle anagawia maskini, nasi tunampigia makofi. Lakini sadaka haifuti deni la yule aliyechukuliwa.

Tulimpa kijana wetu Mshale Mweusi, tukamsaidia mahali Kiingereza kilipomshinda. Aliporudi hakutusifia kitabu. Alisema: "Mwishoni Dick anamtunza yule mzee, anampa posho. Lakini posho si merikebu." Ni hoja nzuri kuliko zetu, na tumeiandika hapa kama alivyoisema.

Ndipo tukamwuliza kama anajua baiskeli ile ilikuwa ya nani. Hakujua, wala wengi darasani hawakujua, ingawa wote walikuwa wamehadithiwa jinsi mwizi alivyopigwa. Ilikuwa ya mzee anayeuza mkaa, anayeuleta mjini juu ya baiskeli, gunia begani mwa chuma kama wapagazi wa zamani walivyobeba begani mwao. Tukatambua kwamba mtaa wetu umefanya kama kitabu hafifu kinavyofanya: umemfanya mwizi kuwa hadithi, umemsahau aliyeibiwa. Tena waliompiga kijana yule waliamini wanatenda haki, kama kila mtu wa msituni anavyoamini, na mkono waliouvunja ni deni lao.

Basi, ndugu walezi na makatekista, msiviondoe vitabu hivi. Someni pamoja na vijana, na kila mahali shujaa anapochukua kitu, simamisheni usomaji mwulize: hiki kilikuwa cha nani, na leo usiku analala vipi?

Sisi na darasa tumekwenda kwa mzee wa mkaa. Kwa kijana aliyepigwa bado hatujaenda. Tunaandika haya tukijua hivyo.