Hongera Marubani wa Kaskazini

Banissa, katika Kaunti ya Mandera, iko karibu na mpaka wa Ethiopia. Mvua ikinyesha, barabara za udongo hazipitiki, na mama anayetokwa na damu hawezi kungoja zikauke. Hapo ndipo tunapoijua thamani ya rubani wa ndege ndogo.

Huduma ya madaktari wa ndege ya shirika la afya la AMREF ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji. Mmoja wao, Mwingereza Michael Wood, alirusha ndege mwenyewe. Leo mgeni anayetaka kazi ya urubani Kenya huhitaji leseni iliyokubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na kibali cha kazi. Kisha hujifunza kutua kwenye changarawe, mifugo ikiwa jirani.

Hongereni, marubani, wenyeji na wageni. Nanyi viongozi, vitunzeni viwanja vyao vya ndege.