Ritifaa Mahali Pake

Wako wanafunzi katika nchi ya chai, toka Kericho hata Bomet, wanyunyizao ritifaa katika Kiingereza kama chumvi. Waionapo herufi s mwishoni mwa neno huitangulizia alama hiyo, wakaandika “tea's” kwa maana ya aina nyingi za chai. Hilo ni kosa. Kwa Waingereza ritifaa huonyesha mali, au hushika mahali pa herufi iliyoachwa: “farmer's” ni ya mkulima mmoja, “farmers'” ni ya wengi. “It's” ni ufupisho, lakini “its” haina ritifaa ijapokuwa yaonyesha mali. Hapo Waingereza wenyewe hujikwaa.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo huiacha ritifaa katika jina lake mwenyewe. Katika Kikipsigis na Kiswahili alama hii si ya mali wala ya ufupisho, bali ni sehemu ya sauti. Ngoa ni wivu. Ng'oa ni kutoa mche na mizizi yake. (Wengine huandika n'gombe, mnyama nisiyemjua.) Vivyo hivyo Kipng'etich ni mvulana aliyezaliwa ng'ombe waendapo malishoni, ukiandika Kipngetich, mgeni atalitamka kwa sauti ya ngoma. Hata Faith Chepngetich Kipyegon, mshindi wa mita 1,500 katika Olimpiki za 2016, 2021 na 2024, magazeti humchapa mara nyingi bila ritifaa. Sioni udhuru wake. Na jina liandikishwalo kwa mtihani ndilo litokealo katika cheti.