Mzee Ana Mtu wa Kumwangalia: Je, Anaangaliwa?



Ukiuliza hali ya mzee aliyepooza, au ya mama aliyevunjika nyonga, au ya ndugu mtu mzima mwenye ulemavu asiyeweza kujitawaza mwenyewe, jawabu utakalopewa siku hizi ni moja: "Alhamdulillahi, ana mtu wa kumwangalia." Jawabu hilo huwatuliza wote. Aliyeuliza hurudi kwake akiwa radhi, na watoto wa mgonjwa huona wamekwisha itimiza haki. Lakini swali lililo kubwa halijaulizwa bado, nalo ni hili: anaangaliwa vipi?

Kuajiri mtu si aibu wala si dhambi. Watoto wametawanyika, mmoja yuko Mombasa, mwengine Maskati, wa tatu London. Na kazi ya kumwinua mtu mzima mchana na usiku haiwezwi na mtu mmoja. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa mzazi fakiri aliye mgonjwa, akiwa hana budi na mtumishi, gharama ya mtumishi huyo imo katika nafaka iliyo juu ya mtoto mwenye uwezo. Wala kumpelekea mgonjwa huduma nyumbani kwake si jambo lililozuliwa jana. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo, miaka ya 1284 na 1285, waqfu wake haukuwa kwa waliolazwa tu. Masikini waliougua majumbani mwao nao walipelekewa dawa na chakula. Basi hatumkosoi aliyeajiri. Tunamkosoa aliyeajiri kisha akageuza uso.

Tazama Uingereza. Huko kampuni zinazopeleka watu majumbani kuwahudumia wazee na walemavu hukaguliwa na tume iliyoanza kazi mwaka 2009. Tume hiyo hutoa daraja nne, tangu iliyo bora kabisa mpaka isiyofaa, na daraja hiyo hutangazwa kila mtu akaiona. Pamoja na hayo watu wa huko walipiga kelele juu ya ziara za dakika 15, ambazo mhudumu huingia mbio, akamvisha mzee nguo, akamwekea chai, akatoka bila ya kujua kama chai ile imenywewa. Mwaka 2015 taasisi ya huko inayotoa miongozo ya afya ilisema ziara isipungue nusu saa ila kwa sababu maalumu. Sisemi haya ili kuwasifu, kwani kelele zao zenyewe zaonyesha upungufu wao. Lakini tazama tofauti: wenye mkaguzi wanalalamika, na sisi ambao hapana anayetubishia hodi kukagua twasema alhamdulillahi.

Na lililo chungu zaidi ni kuwa wamo vijana wetu wa pwani wafanyao kazi hiyo huko ng'ambo. Huko hufundishwa namna ya kumgeuza mzee wa watu, namna ya kumlisha na namna ya kumsitiri. Na huku nyumbani mama zao wamewekewa msichana aliyeletwa juzi, akaambiwa afue, apike, apeleke watoto chuoni, "na bibi pia umwangalie." Hakufundishwa neno. Kisha akikosea hutukanwa yeye.

Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasibu, mtu aliyezunguka sokoni akipima mizani na kutazama mkate usipunjwe. Ndani ya nyumba yako, ndugu msomaji, muhtasibu ni wewe. Nami nitakutajia mambo manne ya kukagua.

La kwanza ni ngozi. Mgonjwa wa kitandani asipogeuzwa, nyama hukosa damu mahali pale alipolalia, nayo huoza. Wauguzi wengi wamefundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili. Usitosheke na shuka safi iliyotandikwa kwa kuwa wageni wanakuja. Tazama visigino, tazama nyonga, tazama mfupa wa chini ya kiuno. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, basi gusa: mahali penye moto, au pagumu kuliko pengine, hapo kidonda chaja. Kidonda kikiisha kufunguka huchukua miezi kupona, na huenda kikamwua.

La pili ni maji na chakula. Liko kosa baya lifanywalo kwa siri: mgonjwa hunyimwa maji ili asijikojolee mara kwa mara na pampasi zisiishe upesi. Mdomo humkauka, haja kubwa humzuia, na pengine hupotewa na akili kwa kiu tu, watu wakasema ni uzee. Na aliyepata kiharusi huenda kummeza kumekuwa kugumu. Akilishwa amelala, chakula huteremkia mapafuni. Huyo aketishwe, apewe kidogo kidogo, na asilazwe papo hapo amalizapo.

La tatu ni sitara. Mwanamume ahudumiwe na mwanamume na mwanamke na mwanamke kadiri iwezekanavyo. Mlango ufungwe, nguo isifunuliwe ila mahali panapooshwa. Siku hizi kumezuka jambo la kumpiga picha mgonjwa akiwa hajiwezi na kuituma kwenye simu za ukoo mzima, eti wamwombee dua. Dua haihitaji picha. Mtu huyu alikuwa akitoka amevaa kanzu na kofia, au amejitanda buibui lake. Ni nani aliyekupa ruhusa ya kumwonyesha alivyo leo?

La nne ni ulimi. Katika Sura ya Bani Israil Mwenyezi Mungu ametukataza hata neno dogo la kuonyesha kuchoka mbele ya wazazi waliozeeka. Sasa sikiliza nyumbani mwako: mzee huulizwa atakalo, au husemwa juu ya kichwa chake kama kwamba hayupo? Huambiwa wakati wa sala umefika, akasaidiwa kutia udhu au kutayamamu na kuelekezwa kibla, au imekatwa kuwa sala zake zimekwisha? Mwili kupooza si akili kupooza.

Lakini muhtasibu wa haki hukagua pande zote mbili. Wewe uliyeajiri, umetimiza yako? Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mwajiriwa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na ile ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 nayo yataka mapumziko ya kila wiki. Mtumishi anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa, akiamshwa mara nne kila usiku, mwezi baada ya mwezi, na mshahara ukamfikia kwa kubembeleza, huyo mkono wake utakuwa mzito hata akiwa na moyo mwema. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mfanya kazi bila ya kumchelewesha. Ukimdhulumu yeye, dhuluma hiyo humfikia mzazi wako kitandani.

Na wengine hawaajiri kabisa. Humtupia mzigo mke. Wana wanne wa kiume hukaa barazani wakisema, "Mama anaangaliwa na mke wa fulani." Mkamwana akihudumu amefanya hisani, na ujira wake uko kwa Mola wake, lakini sheria haikumlazimisha yeye, imewalazimu wana. Anayeitumia hisani ya mkewe kama deni, naye hata hakumsaidia kumwinua mama mara moja kwa siku, asijihesabu kuwa amewatendea wema wazazi.

Lililobaki ni hili. Katika kila mtaa wetu wako wanaume na wanawake waliofunzwa kuosha maiti. Wanajua kumgeuza kwa upole, kumfunika tupu, kunyamaza juu ya walichokiona. Elimu hii tumeihifadhi karne kwa karne, na hapana anayethubutu kumkabidhi maiti kwa asiyeijua. Vipi basi tumkabidhi aliye hai, anayesikia maumivu na kuona haya, kwa mtu asiyefundishwa lolote? Kamati za misikiti na madrasa zetu zimwite mwuguzi wa mtaani, zikae siku chache na hao wanaohudumu majumbani, wa kuajiriwa na wa jamaa, wafundishwe kugeuza, kulisha na kuosha. Gharama yake haifiki ya hitima moja.

Nawe usingoje kamati. Leo ukiingia kumwamkia mzee, usisimame mlangoni. Kaa, mpe maji kwa mkono wako, mguse visigino, kisha umwulize yeye mwenyewe, si mtumishi: "Waangaliwa vipi?" Na umngoje ajibu.

Wabillahi tawfiq.