Mkopo Unaomwacha Mwalimu wa Kiswahili

Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2014 ili mtoto wa maskini asikwamie mlangoni mwa chuo. Lengo hilo ni jema. Hata hivyo, nina hoja mbili dhidi ya utekelezaji wake.

Kwanza, mkopo huelekezwa zaidi kwenye sayansi na teknolojia. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Je, walimu watatoka wapi, ikiwa kijana wa Karamoja anayetaka kukisomea Makerere au Kyambogo hana pa kukopa?

Pili, mkopo hulipa ada, haulipi chakula wala malazi. Anayelipiwa ada huku akilala njaa Kikoni ameingia chuoni, lakini kufaulu kwake ni bahati nasibu.

Wapo wasemao fungu ni dogo. Nakubali. Lakini serikali iliyotaka lugha ifundishwe ndiyo inayodaiwa mwalimu. Itenge basi nafasi, hata chache, kwa walimu tarajali wa Kiswahili, pamoja na posho ya chakula.