Fundi Asiyejifungia Nje

Ukitaka kumjua fundi wa seva, mtazame siku anapobadilisha mipangilio ya njia ileile aliyoingilia. Mashine iko mji mwingine, na usiku huo hakuna wa kutumwa akaibonyeze. Herufi moja ikikosewa kwenye faili la mipangilio ya SSH, programu anayoingilia kwa mbali, huduma ikawashwa upya, anabaki nje.

Kwa hiyo hana haraka. Anafungua dirisha la pili, anaingia humo pia na kuliacha lilivyo. Ananakili faili la zamani. Anabadili mstari mmoja tu, kisha anaandika sshd -t, amri inayokagua faili bila kuigusa huduma. Mashine ikinyamaza, maandishi hayana kasoro, ingawa bado hajui kama ataruhusiwa kuingia. Ndiyo maana akishaiwasha upya huduma hafungi chochote mpaka ajaribu kuingia upya kwa dirisha la tatu. Akigusa fayawoli, hutangulia kuiagiza mashine irudishe kanuni za zamani baada ya dakika 5. Mambo yakienda sawa, anaifuta amri hiyo. Yakienda kombo, anasubiri dakika zipite. Mimi huo ndio ninaouita ustadi, kuliko wepesi wa vidole.

SSH yenyewe ilitokana na tahadhari. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, ulidukuliwa na nywila zikanaswa njiani. Zana kama Telnet zilizisafirisha waziwazi, aliyetega akajisomea. Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho, akaandika programu inayosimba mazungumzo yote, akaiombea bandari namba 22, katikati ya 21 ya FTP na 23 ya Telnet.

Lakini usimbaji haumkingi fundi na mkono wake mwenyewe. Akiwa na mamlaka ya ruti, yaani mtumiaji mkuu wa mashine, anaweza kufuta kila kitu, na mara nyingi mashine haimuulizi kama ana hakika. Fundi ninayemheshimu huingia kama mtumiaji wa kawaida, akaazima mamlaka hayo kwa sudo, amri moja moja. Na kabla ya amri nzito huandika hostname, asome jina la mashine aliyomo, kwa sababu dirisha la seva ya majaribio na la seva inayohudumia wateja hufanana kabisa: maandishi meupe, skrini nyeusi.