Mji Bora kwa Wageni: Tuupime kwa Kipimo Gani?

Mdahalo juu ya mji upi duniani unaostahili kutangulia mbele ya watalii hupendwa sana na wanafunzi. Tumeusikiliza mara nyingi madarasani mwetu, na karibu kila mara huishia pale pale: mmoja hutaja Paris kwa mnara wake, wa pili hutaja Cairo kwa mapiramidi yaliyo jirani yake, wa tatu hutaja Dubai kwa maghorofa yake, kisha mikono huinuliwa na kuhesabiwa. Mshindi hupatikana, lakini hoja haipatikani.

Watu wazima nao wamefanya vivyo hivyo. Tarehe 7 Desemba 2014, taasisi iitwayo New7Wonders ilitangaza miji saba ya ajabu iliyochaguliwa kwa kura za watu wa nchi mbalimbali: Beirut, Doha, Durban, Havana, Kuala Lumpur, La Paz, na Vigan wa Ufilipino. Venice haimo, Cairo haimo, wala Istanbul haimo. Hatusemi kwamba miji hiyo saba haina sifa. Lawama yetu ni kwamba kura hupima wingi wa wapiga kura na bidii ya wanaowahimiza. Haituelezi ni sifa ipi iliyopimwa. Mwamuzi asiyetaja kipimo chake hawezi kupingwa, na kwa sababu hiyo hawezi kuaminiwa.

Wapo watakaojibu kwamba kipimo kiwe idadi ya wageni. Kipimo hicho nacho twakikataa, na shahidi wetu ni Venice. Hakuna abishaye uzuri wa mji ule uliojengwa juu ya visiwa vidogo, wenye mifereji mahali pa barabara. UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1987. Wageni wake wa mwaka mmoja huhesabiwa kwa mamilioni. Lakini wakazi wa mji wa kale, waliokuwa kiasi cha 175,000 mwaka 1951, walishuka chini ya 50,000 mwaka 2022. Nyumba nyingi za kuishi zimegeuzwa vyumba vya wapitaji, na kijana wa pale hupata taabu kupanga nyumba alikozaliwa. Mwezi Aprili 2024 halmashauri ya mji ilianza kutoza euro 5 kwa mgeni ajaye na kuondoka siku ile ile, katika siku zilizoteuliwa. Mji wenye kiingilio umekwisha kukaribia kuwa jumba la makumbusho: vitu vimo, wenyewe hawamo.

Tuutazame sasa La Paz, mmoja wa wale saba, ulioko Bolivia kwenye kimo cha mita 3,600 hivi. Tangu Mei 2014, vigari vinavyoning'inia kwenye waya hupita juu ya mapaa na kuuunganisha mji huo na El Alto, ulioko juu yake. Vilijengwa ili wakazi waende kazini na sokoni. Mgeni hupanda humo humo, akakaa bega kwa bega na mchuuzi na mzigo wake, huku akiutazama mlima Illimani wenye theluji. Hakutengenezewa maonyesho, amekaribishwa katika maisha ya watu.

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii twaifundisha kila mwaka, lakini nusu yake ya pili husahauliwa upesi. Ugeni mwema ni ule unaomwacha mwenyeji katika hali bora kuliko ulivyomkuta. Kwa kipimo hicho, sisi twauweka La Paz mbele ya Venice, ingawa twajua wengi watatushangaa.

Msomaji aweza kuuliza: je, uzuri si kitu? Uzuri ni kitu kikubwa. Lakini uzuri wa mji hutunzwa na wanaolala humo, si na wanaoupiga picha. Jambo hili halituhusu kwa mbali. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na nyumba kadha wa kadha zilizokuwa makazi zimekuwa hoteli. Mgeni huenda kule kuona milango ya nakshi. Lakini kilichoupa mji ule uhai ni watu wanaokaa barazani jioni, wakisalimiana na kuzungumza kwa Kiswahili ambacho sisi walimu wa nchi jirani twakitamani. Baraza zikibaki bila watu, tutakuwa tumebakiwa na mawe.

Basi, walimu wenzetu, mada hii ikiletwa tena darasani, tusiikatae. Tuwatake wanafunzi, kabla ya kuinua mikono, wajibu swali moja: mgeni akiisha kuondoka, nani hubaki katika mji huo, na hali yake ni ipi?