Ngoma ya Katikati

Mteja wa fundi cherehani pale Muyinga hamwambii fundi atunge uzi, akanyage pedali, ageuze kitambaa. Anasema kola iwe nyembamba, mikono iishie kiwikoni, basi. Namna ya kushona ni shauri la mwenye cherehani. CSS, lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti, ilitungwa kwa ajili ya mteja huyu. Unaandika kwamba vichwa vyote viwe vya kijani. Njia kinaijua kivinjari. Lugha ya skripti kama JavaScript inakukalisha wewe kwenye kiti cha fundi.

Binti wa dada yangu, muuguzi wa Gitega, alitaka kupamba ukurasa wa kwaya yao. Akakosea herufi moja katika jina la rangi. Rangi haikutokea, lakini mengine yote yakakaa sawa, maana kivinjari kikikuta agizo la CSS kisilolielewa hulipita na kuendelea na linalofuata. Kesho yake tukajaribu mistari michache ya JavaScript. Akasahau mabano ya kufungia, faili zima likagoma.

"Mjomba, hii imenuna."

Imenuna kweli. Mtu asiye mwanaprogramu anahitaji chombo kinachomvumilia wakati anajifunza, na uvumilivu huo ndio ninaousifu.

Håkon Wium Lie alipoipendekeza CSS Oktoba 1994, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, alitaka mwandishi na msomaji wote wawe na kauli juu ya sura ya ukurasa. Ikapitishwa rasmi Desemba 1996. Mwaka huohuo kampuni ya Netscape ilipendekeza mitindo ya kuandikwa kwa JavaScript, haikushika.

Ugumu wa CSS uko kwingine: nani anamfuata nani. Kwa hilo nilimkumbusha binti huyo ngoma za Gishora, nje kidogo ya Gitega. Idadi yazo huwa witiri. Ngoma iitwayo inkiranya hukaa katikati, ibishikizo hufuata mapigo yake, amashakwe hushikilia mdundo usiokatika. Ndivyo ilivyo kwenye CSS: ukiupa mwili wa ukurasa aina ya herufi, aya na vichwa huirithi, isipokuwa kile kilichopewa agizo lake.

Akabadilisha mstari mmoja tu, ukurasa mzima ukavaa herufi mpya. Kitufe cha kusikiliza nyimbo peke yake kikabaki na zile za zamani, kwa kuwa vitufe havirithi herufi mpaka viambiwe.

"Huyu ni wa amashakwe," akasema, akaanza kumwandikia agizo lake.